Bilauri ya Jumatano Haiongezwi Maji

Watu wakistaafu huwa na mvi. Mimi nina mtoto mgongoni, anaota meno, na barua niliyopewa inasema shirika linanishukuru na linanitakia mapumziko mema. Aliyeiandika hajawahi kulala chumba kimoja na mtoto anayeota meno.

Kwa hiyo ninyi wawili, Zuhura na Petro, mliokubali kuishika kazi yangu bila kulipwa, sikilizeni haya kabla hamjaanza kujuta. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini. Kilichopanda miaka ile ni bei ya sukari. Nitawaeleza namna ya kumpata mtu aje mbele ya wenzake siku ya Jumatano, aseme jambo alilolifanya maishani, bure, kisha aende zake. Nimeifanya kazi hiyo tangu nilipomaliza kidato cha nne na bado sijaizoea. Mtu mnayepishana naye kila siku dukani anakaa kwenye kigoda, anafungua mdomo, na nywele zinakusimama.

Nilitoka kwetu Kolo, huko Kondoa, nikafikia kwa shangazi yangu Dodoma. Shirika lililokuwa likijenga mji lilitaka binti wa kutunza ukumbi wa kota za wafanyakazi. Kutunza ukumbi maana yake kufagia vumbi jekundu asubuhi na kulikuta limerudi mchana. Nilidhani kazi ndiyo hiyo. Siku ya kwanza nikiwa na ufagio mkononi akaingia mama mmoja wa Kihaya, mrefu, sauti ya chini, akavuta benchi akakaa. Huyo ndiye Bi Sekunda, ofisa ustawi wa kota, na ndiye aliyenifunza kila ninachokijua.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Unajua kusikiliza?"

Nikamwambia najua. Nani hajui?

"Tutaona," akasema. "Kesho panda treni uende Zuzu. Kuna mzee alikuwa mnyapara wa gengi la reli. Nataka akae kwenye kigoda Jumatano."

Nikaenda. Nilimkuta mzee wa watu anakoboa uwele na mkewe, nikasalimu, nikapewa maji, nikamwomba anieleze kidogo atakalozungumza. Basi akanieleza. Akaanza na siku mvua ilipokula tuta chini ya reli na zile pau mbili zikabaki zinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo, na treni ya abiria ilikuwa njiani. Akanieleza alivyokimbia kuifuata akiwa amevua shati lake jekundu, jinsi alivyolipunga, jinsi dereva alivyoshuka akamtukana kwanza, kisha akaenda mbele kutazama, kisha akarudi akakaa chini kwenye kokoto. Nikasikiliza mpaka mwisho. Nililia. Nikamshukuru, nikamkumbusha Jumatano, nikarudi.

Jumatano mzee alikuja, akakaa, akasema: "Nilifanya kazi reli. Siku moja nilisimamisha treni. Ndiyo hivyo." Akanywa maji yote kwa pumzi moja, akainuka.

Bi Sekunda hakunigombeza. Aliponikuta naweka mabenchi sawa aliniambia tu, "Umekula chakula cha wageni, binti. Kule Zuzu alikumalizia wewe peke yako. Cha kuwaletea watu hakikubaki."

Hilo ndilo somo la kwanza, na ndilo kubwa. Usimuulize mtu kama anaweza kuzungumza. Kila mtu mwenye akili atakwambia hawezi, na anayesema anaweza mwogope. Muulize, "Ilikuwaje siku ile?" Akianza, na sauti ikianza kubadilika, mkatize. Mwambie, "Hapo hapo, usimalize. Malizia Jumatano." Atakushangaa, pengine atakasirika kidogo. Lakini atakuja, maana sasa lile jambo limemkaa kooni.

Mnajua mazoea yetu, ila hamjui yalivyoanza. Kota zile zilijaa watu waliohamishwa kutoka kila pembe ya nchi, Wamakonde, Wachaga, Wazanaki, Wapemba, wote wanalilia mvua na samaki wa kwao. Walipoamua kukutana kila wiki ili wasije wakachukiana, kikao cha kwanza kilikwama kwenye sala ya kufungulia. Wakristo walitaka yao, Waislamu yao, na kulikuwa na mafundi wawili waliosema hawataki ya yeyote. Wakabishana mpaka jua likazama na kikao hakikufunguliwa. Wiki iliyofuata wakakubaliana: mwenye dini aje nayo moyoni, na mwenye siasa aiache mlangoni pamoja na tope la viatu. Ndiyo maana hadi leo tunafungua kwa kukaa kimya mpaka mabenchi yaache kulia. Anayetusikia kwa nje hudhani kuna msiba.

Bilauri moja ya maji nayo ilianza siku hizo. Maji yalikuwa ya kufuata mbali kwa ndoo. Msemaji alipewa bilauri moja, na haiongezwi. Ikiisha, amemaliza. Waoga huimaliza mapema kama yule mzee wa Zuzu, na wajanja hawaigusi kabisa. Bwana mifugo mmoja alizungumzia minyoo ya ng'ombe mpaka watoto wakalala mapajani, bilauri imejaa pale pale, akaitazama tu kama mtu aliyefunga. Mwishowe nzi aliingia ndani yake. Mzee mmoja akasema, "Nzi ameanza kunywa, Bwana Mifugo, na wewe maliza." Akamaliza.

Mzee huyo ni Mzee Ndahani, Mgogo wa hapa hapa, aliyekuwa mlinzi wa bohari la shirika tangu limejengwa. Macho yake yana ukungu, miwani yake mizito kama vitako vya chupa, lakini ndiye anayepokea wageni mlangoni kwa sababu hakuna mtu mwenye adabu kumzidi. Na yeye ndiye chanzo cha kurudisha. Kina mama wengi walikuja kutoka vijiji vya Wagogo vya jirani, Kiswahili kilikuwa kigumu kwao, basi mgeni akishasema, Mzee Ndahani aliwarudishia kwa Kigogo. Mgeni mmoja akauliza, "Amesema nini huyo?" Akaambiwa. Akasema, "Mimi sikusema hivyo." Ikabidi arudishiwe tena mpaka akubali. Watu wakapenda. Tangu hapo, hata wote wakiwa wanajua Kiswahili, mtu mmoja husimama akamrudishia msemaji maneno yake kwa ufupi, na msemaji hapigiwi makofi mpaka aseme, "Ndiyo, nimesema."

Kurudisha si kusifu, na si kutoa maoni yako. Ni kumrudishia mtu mali yake, haijapungua wala haijaongezwa chumvi. Mtaona ilivyo kazi.

Kulikuwa na kijana mchoraji wa ramani za mji. Alikuja na karatasi zake, akasoma bila kuinua macho, maneno marefu ya ofisini. Alipomaliza, fundi bomba mmoja akasimama kumrudishia. Akafikiri sana, kisha akasema, "Umesema unaogopa."  Mimi nikasema moyoni, leo tumemuua mtoto wa watu. Yule kijana akakunja karatasi zake. "Ndiyo, nimesema," akajibu. Bilauri ilikuwa na maji bado, basi akaanza upya bila karatasi. Akaeleza alivyochora barabara kwenye meza, mstari mmoja wa penseli, kisha akaenda kuuona mstari wake chini ya jua, akakuta umepita katikati ya nyumba ya tembe ya mama mmoja. Mama yule hakujua yeye ni nani. Alimwona ana kiu, akampa maziwa ya mgando, na kijana akayanywa akiwa amesimama juu ya mstari wake mwenyewe. Barabara ile mnaipita kila siku. Ina kona isiyo na sababu. Sababu yake nimewaambia.

Na kulikuwa na mfinyanzi wa Mtumba, mama wa makamo. Nilimfuata kwa miguu kutoka njia kuu. Alikuja na bonge la udongo kwenye kitambaa kibichi. Akakaa, akasema "Mbukwenyi," salamu ya Kigogo, tukaitikia, na hilo ndilo neno pekee tuliloambiwa. Akaweka udongo chini, akainama akaanza kuzunguka. Mfinyanzi wa Kigogo hazungushi chungu, anazunguka yeye. Anatembea kinyumenyume kukizunguka, mkono mmoja ndani na mmoja nje, na udongo unapanda kama unaitwa. Watu mia na ushei ndani ya ukumbi wa mabati na ulikuwa unasikia nyayo zake. Alipomaliza, akakinywesha chungu maji ya bilauri, akaketi. Nani atarudisha hiyo? Bi Sekunda akainuka, akaenda mbele, akazunguka mara moja kinyumenyume, mikono yake imeshika hewa. Yule mama alimtazama, akacheka, akasema kwa Kigogo, na Mzee Ndahani akatafsiri: "Anasema ndiyo, amesema, ila mkono wako wa ndani ni mlegevu."

Bi Sekunda alistaafu ustaafu wa kweli, wa mvi, akarudi kwao Bukoba. Kigoda na bilauri akaniachia mimi. Na hapo ndipo dunia ilipogeuka.

Mnaikumbuka ilivyokuwa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti yakajaa sabuni za kunukia. Mitumba ikamwagwa sokoni. Kila mwenye jenereta akawa bwana mkubwa. Sikatai, na mimi nilivaa, na mimi niliogea ile sabuni. Lakini na maneno nayo yakaanza kuwa na bei. Nilikuwa nikienda kwa mtu namuuliza, "Ilikuwaje siku ile?" ananijibu, "Posho ipo?"

"Kuna maji," namwambia.

"Maji tu?"

"Na kusindikizwa mpaka kwako. Watu wote wanakusindikiza. Kuna harusi ambazo hazina msafara kama huo."

Wengine walicheka wakaja. Wengine walisema semina za siku hizi zina posho, na soda, na begi. Nikawaambia basi wakaseme kwenye begi. Sikuwa na subira. Nilikuwa na mimba, miguu imevimba, na shirika lilikuwa linapunguza watu mafungu mafungu.

Akaja meneja mpya. Kijana msafi, anayesema kila kitu "kijitegemee". Aliniita ofisini baada ya mimi kujifungua, akaniona na mtoto mgongoni, akauliza kama yule mtoto ameajiriwa.

"Hapana, Meneja. Yeye ananyonya tu. Kama wengine humu ndani."

Nadhani barua yangu ilianza kuandikwa siku ile. Akaniambia ukumbi lazima ujitegemee. Amepata mfanyabiashara anayetaka kuonyesha video kila siku, na kila siku ni pamoja na Jumatano. Wazee wa kota wamemlalamikia mpaka masikio yakamuuma, kwa hiyo atakuwa muungwana: maadamu kikao kina mgeni wa kuzungumza kila Jumatano, Jumatano ni yetu. "Lakini ikipita Jumatano moja mkakaa mnatazamana, Mama Rehema, nimeufunga mjadala. Sitapoteza ukumbi kwa ajili ya kimya."

Mnaelewa alivyonifunga. Watu wanaomba posho, mimi ninanyonyesha, na siwezi kukosa hata mara moja.

Sikukosa. Nilimleta mkunga, nilimleta fundi saa wa sokoni, nilimleta mama aliyetembea na ng'ombe wake mmoja kutoka ukame wa Bahi mpaka akapata majani, akisimama kila ng'ombe alipotaka kulala, akimwimbia. Na kila nilipokwenda kumtafuta mtu, nilikuwa nikimwona huyo mfanyabiashara barabarani, Bwana Swalehe, kanzu safi, kofia ya kushonwa kwa mkono. Kibaya zaidi ni mtu wa kwetu, Mrangi wa milimani Kondoa. Kila aliponiona alinisalimu kwa lugha ya nyumbani. Nilikuwa namwitikia kwa Kiswahili.

Ile Jumatano niliyotaka kuwaeleza, mgeni wangu alikuwa mzee wa Kolo, mmoja wa wanaolinda yale mapango yenye michoro ya kale. Nilimfuata mwenyewe mwezi mmoja kabla. Alipofika pale anaposema mara ya kwanza babu yake alimwingiza pangoni akamwambia azime kibatari na asubiri macho yake, nikamkatiza. Akaja juu. Nikajua atakuja.

Mvua za kwanza zikaja kabla yake. Nilikaa stendi tangu mchana na Rehema mgongoni. Basi la Kondoa halikuonekana. Utingo wa lori akaniambia, "Dada, usisubiri. Korongo limejaa, basi liko ng'ambo, abiria wanachoma mahindi." Nikarudi kota mbio, viatu mkononi, natukana kila kilichonipita, Mungu anisamehe kama alikuwa anasikiliza. Nilikuwa nawaza nimshike nani. Nani ana jambo kooni leo, sasa hivi? Usiombe kuwaza hivyo ukiwa unakimbia na mtoto. Kila uso unakuja mtupu.

Nilipofika dirishani nikasikia kimya chetu, mabenchi yametulia. Nikachungulia. Kwenye kigoda ameketi Bwana Swalehe.

Hivi ndivyo ilivyokuwa, kama nilivyosimuliwa baadaye. Nilikuwa nimemwambia Mzee Ndahani tunampokea mzee mmoja Mwislamu kutoka Kondoa. Saa ya kikao akatokea mlangoni mtu wa kanzu na kofia. Alikuja kupima ukuta kwa ajili ya video yake. Meneja alikuwa amemwambia aje siku hiyo, maana habari za korongo zilishamfikia.

"Umetoka Kondoa?" Mzee Ndahani akamuuliza.

"Ndiyo, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Pole na mvua. Karibu, watu wote wanakusubiri."

Na watu wote wakasimama, kama mnavyojua tunavyosimama. Mtu wa kwetu hawezi kukataa kukaribishwa na mzee mbele ya watu waliosimama. Alidhani kota wanampokea mpangaji mpya. Akapelekwa mbele, akakalishwa kigodani, akapewa bilauri. Akanywa funda moja kwa heshima. Ukishakunywa umeanza.

Meneja alikuwa benchi la nyuma, na uso wake ulikuwa umeanza kubadilika rangi.

"Haya, Bwana," Mzee Ndahani akamwambia. "Anzia siku yenyewe."

"Siku gani, mzee?"

"Ile ambayo mikono yako inaikumbuka kuliko wewe."

Watu wakacheka kidogo. Mimi nilikuwa mlangoni sasa, natweta, na nia yangu ilikuwa kuingia nimshike kanzu nimtoe. Kigoda kile alikikalia mfinyanzi wa Mtumba. Bwana Swalehe alikuwa ameshika futi kamba yake ya kupimia. Akaitazama mikono yake muda mrefu. Akaiweka futi kamba chini.

"Mimi nilikuwa fundi wa gari la sinema," akasema.

Wazee wakaguna. Wanayakumbuka yale magari ya serikali, yanakuja kijijini na jenereta na pazia jeupe.

Akasema walikuwa wanatoka kijiji kimoja kwenda kingine kule kwetu, yeye na dereva wake, Mnyakyusa aliyeitwa Ambokile. Jua kali, hakuna hata wingu. Wakashuka kwenye korongo la mchanga, gari likazama magurudumu. Ambokile akabaki ndani anakanyaga mafuta, yeye akashuka kutafuta matawi ya kuweka chini ya tairi. Akiwa juu ukingoni akasikia kitu kama watu wengi wanaburuta majamvi. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mbali huko. Maji hayakuja kama maji. Yalikuja kama ukuta wa takataka, magogo, mbuzi aliyekufa, povu la kahawia, na gari likageuzwa ubavu kama sanduku la viberiti.

"Ambokile akatokea dirishani," akasema. "Nami nilikuwa sina kamba. Nilikuwa na pazia. Nilikuwa nimelianika pale ukingoni likauke kwa sababu jana yake lilipigwa na umande. Nikalisokota. Ncha moja nikaifunga kwenye mti, nyingine nikamrushia. Katikati nikalishika mimi. Akaidaka. Maji yakamvuta yeye, yeye akanivuta mimi, na mti ukaanza kung'oka."

Akanywa funda.  

"Mti ulitoka. Nikabaki mimi. Pazia likibeba maji, jamani, ni zito kuliko mtu. Lilijikaza kwenye vidole vyangu hivi." Akatuonyesha, vidole vimekunjwa. "Nikaburutwa tumbo chini mpaka mguu ukakwama kwenye jiwe. Pale tukakaa. Jua lilikuwa bado linawaka, ndege wanalia, na mimi nashikilia sinema. Maji yalipopungua Ambokile alitambaa akaja kunifungua vidole, kimoja kimoja, kama anafungua mtoto aliyeshika kitu. Pazia lile ninalo. Lina doa la kahawia halitoki." Akaugeukia ukuta aliokuja kuupima. "Nilitaka kulitundika pale."

Akamaliza maji.

Mzee Ndahani akageuka, akanitafuta kwa ile miwani yake. "Mama Rehema. Mgeni wa kwenu huyu. Mrudishie."

Sikuwahi kuombwa jambo gumu kama hilo. Yule alikuwa amekuja kuchukua kitu pekee nilichokuwa nakipenda katika ile kazi, na nilikuwa na maneno ya kumwambia tangu pale dirishani, makali, yamejipanga. Lakini kurudisha ni kurudisha. Na nikisema kweli, nilipofungua mdomo hasira ilikuwa imeenda mahali sijui. Nilikuwa nazitazama zile ngumi tu.

"Umesema," nikaanza, "ulikuwa fundi wa gari la sinema. Maji ya mlima yakalichukua gari. Ukasokota pazia ukamvuta mwenzako, hukumwachia, na ukamwokoa."

Akatikisa kichwa. "Hapana, binti yangu. Sikusema hivyo."

Watu wakageuka kumtazama. Msemaji anayekataa sifa hatujawahi kumpata. Wote hukataa tukiwapunguzia.

"Sikusema sikumwachia," akasema. "Nilisema vidole havikufunguka. Labda ningemwachia, labda nisingemwachia. Sijui. Sikupewa nafasi ya kujua. Nimeishi nikiwa sijui. Nirudishie vizuri."

Nikamkaza Rehema mgongoni. Kisha nikamrudishia. "Umesema pazia lilikushika wewe, nawe ukamshika yeye, na mpaka leo hujui kama ungemwachia."

"Ndiyo," akasema. "Nimesema."

Makofi yale yaliyafanya mabati yalie kama mvua.

Meneja akainuka nyuma. Akasema jamani, tusifanye mchezo, huyu bwana si mgeni wa kikao, ni mpangaji, amekuja kwa shughuli zake, kwa hiyo Jumatano hii imepita bila msemaji, na makubaliano ni makubaliano.

"Amekunywa maji," Mzee Ndahani akamjibu, taratibu, kama anamweleza mtu anayetafuta choo. "Amesema. Amerudishiwa. Amekubali. Kimebaki kumsindikiza. Wewe ulitaka tumfanye nini kingine, Meneja, tumtahiri?"

Walicheka mpaka mabenchi yakalia tena. Bwana Swalehe hakucheka. Alikuwa bado amekaa, na nadhani hapo ndipo alipotambua alichofanyiwa, kwamba ile Jumatano tupu aliyoahidiwa ameijaza yeye mwenyewe. Alitazama bilauri, akatazama ukuta, akanitazama mimi. Nilingoja akasirike. Ningemwelewa.

"Bwana Meneja," akasema, "umenisikia nimesema, au hukunisikia?"

Meneja akasema amemsikia.

"Basi nimesema."

Tukamsindikiza kota nzima mpaka anapokaa, kwenye tope, wanawake wanapiga vigelegele kwa mtu aliyekuja kutunyang'anya. Njiani alinisalimu tena kwa lugha ya nyumbani. Nikaitikia.

Mengine mnayajua. Anaonyesha video siku sita, na Jumatano analikunja lile pazia mwenyewe kabla hatujaingia, hataki mtu mwingine aliguse. Lina doa kweli, nimeliona, liko upande wa chini kushoto. Yule mzee wa Kolo alikuja wiki iliyofuata, bado amekasirika kwamba nilimkatiza, na alitupeleka pangoni wote tukiwa tumekaa pale pale. Meneja hakuweza kuichukua Jumatano, basi akamchukua mtunza ukumbi. Barua yangu ilifika mwisho wa mwezi. Kina mama wenye watoto wachanga, alisema, tutangulie kupumzika. Sijamsamehe, na sina mpango huo. Kama mtampata siku moja akiwa na jambo kooni, mleteni naye akae, mumpe maji, na yeyote atakayemrudishia amrudishie sawasawa, asimwonee. Mimi sitaweza, kwa hiyo msiniite.

Ufunguo uko kwa Mzee Ndahani. Kigoda kina mguu mmoja mfupi, kiwekeni karibu na ukuta. Bilauri ioshwe kwa maji baridi, si kwa majivu, inapata mikwaruzo. Na msije mkaiongeza maji kwa huruma, hata awe nani.

Mimi sijawahi kukikalia kile kigoda. Anayeleta wageni haketi, ndivyo alivyonifunza Bi Sekunda. Lakini sasa mmeniambia mimi si mfanyakazi tena, basi nimekaa. Rehema yuko pajani, ameishika bilauri kwa mikono yote miwili na hataki kuiachia, na yaliyobaki amejimwagia kifuani.

Maji yameisha. Nirudishieni.